Insha ya maudhui si kuisimulia riwaya upya

Mwanafunzi huweza kuisoma riwaya mara tatu, akayajua majina ya wahusika wote na kila tukio, kisha akaandika kurasa nne kuhusu maudhui na kuambulia alama chache. Aghalabu tatizo si kutoijua hadithi, bali ni kuisimulia upya badala ya kuichanganua.

Kosa hilo lina gharama. Katika karatasi ya tatu ya Kiswahili kwenye mtihani wa KCSE, ambayo hutahini fasihi, kila swali hutengewa alama 20. Mtahini hatuzi alama kwa urefu wa masimulizi. Hutafuta hoja na ithibati yake.

Mtego huo ni mkubwa zaidi katika riwaya ya makuzi, yaani riwaya inayomfuata mhusika tangu utotoni hadi utu uzima. Kwa kuwa maisha ya mhusika huyo yamepangwa kwa mfuatano wa wakati, mwanafunzi hushawishika kumwandama hatua kwa hatua: alizaliwa, akateswa, akasafiri, akafaulu.

Mfano mzuri ni Siku Njema, riwaya ya marehemu Ken Walibora iliyochapishwa mwaka wa 1996 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi nchini Kenya. Msimulizi wake, Kongowea Mswahili, ni mtoto wa Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu mjini Tanga. Mamake anafariki, mvulana anataabika mikononi mwa jamaa, na hatimaye anafunga safari kuja Kenya kumtafuta babake.

Mada na dai

Hatua ya kwanza ni kutofautisha mada na dai. Neno kama "uyatima" ni mada tu. Insha huanza kuwa uchanganuzi pale mwanafunzi anapoeleza riwaya inasema nini kuhusu uyatima huo.

Linganisha kauli mbili. Ya kwanza: "Riwaya hii inazungumzia mateso ya watoto." Ya pili: "Riwaya hii inaonyesha kwamba mtoto aliyenyimwa malezi huanza kwa kutafuta mzazi, lakini safari hiyo humfunza pia kujitambua." Kauli ya kwanza haina wa kuipinga, hivyo haina cha kuthibitisha. Ya pili inahitaji ushahidi, na ndiyo itakayoibeba insha nzima.

Hata anwani yaweza kuzaa dai. Wahenga walisema siku njema huonekana asubuhi. Iwapo utoto ndio asubuhi ya maisha, basi asubuhi ya Kongowea ni ya giza. Je, riwaya inaikubali methali hiyo au inaikosoa? Mwanafunzi anayejiuliza swali kama hilo amekwisha kupata mwelekeo.

Tafuta badiliko

Katika riwaya ya makuzi, ushahidi wenye uzito hupatikana pale mhusika anapobadilika. Kabla ya kuandika, mwanafunzi achore safu tatu: mhusika alivyokuwa mwanzoni, kilichomtikisa, na alivyokuwa baadaye. Safu ya kati ndiyo muhimu zaidi, kwani hapo ndipo mwandishi hudokeza chanzo cha makuzi au cha maangamizi.

Makuzi si lazima yaishie kwenye ushindi. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka wa 1971, Rosa analelewa na Zakaria, baba mkali asiyemwandaa bintiye kukabili maisha ya nje. Anapopata uhuru akiwa mbali na nyumbani, hajui namna ya kuutumia, na mwishowe anaangamia. Anayeandika kwamba riwaya hiyo inahusu "uasherati" ameona matokeo tu. Anayeonyesha uhusiano kati ya ukali wa baba na anguko la binti ameyafikia maudhui.

Kuijenga aya

Kila aya ya mwili wa insha ibebe hoja moja. Sentensi ya kwanza itaje hoja, zifuatazo zieleze tukio mahususi kwa ufupi, kisha za mwisho zifafanue jinsi tukio hilo linavyolithibitisha dai. Sehemu hii ya mwisho ndiyo husahaulika mno. Mwanafunzi hutaja kwamba mhusika aliteswa, akarukia tukio jingine, akimwachia mtahini kazi ya kufikiri.

Kipimo ni rahisi. Baada ya kutaja tukio, mwanafunzi ajiulize: "Kwa hivyo?" Iwapo aya haina jibu la swali hilo, bado ni muhtasari.

Mbinu za uandishi nazo zisitengwe na maudhui. Siku Njema imesimuliwa katika nafsi ya kwanza. Kwa hivyo, Kongowea ni mtoto anayepitia mambo na pia ni mtu aliyekomaa anayeyakumbuka. Umbali kati ya sauti hizo mbili ni ithibati ya makuzi yenyewe, na anayeuona hupata hoja ambayo wengi huipuuza.

Mambo ya kuepuka

Utangulizi usijae wasifu wa mwandishi. Mistari michache inayotaja riwaya, mhusika na dai inatosha. Dondoo zisirundikwe bila maelezo, nalo hitimisho lisirudie hoja zilezile neno kwa neno, bali lioneshe kwa pamoja zimefikia wapi.

Zaidi ya yote, mwanafunzi asibebe majibu yaliyokaririwa kutoka kwenye miongozo. Swali likiuliza kuhusu malezi, anayemimina kila alichokariri kuhusu ufisadi amepoteza muda na alama. Mwongozo waweza kumwonyesha njia, lakini riwaya yenyewe ndiyo itakayompa hoja za kuitetea kauli yake mwenyewe.