Lita 180 za Kuchujwa, Lita Mbili za Kutoka

Maji ni takribani asilimia 60 ya uzito wa mwanamume mtu mzima, na kiasi hicho hakibadiliki sana kutoka siku moja hadi nyingine, ingawa mwenyewe hunywa bila kupima na kutokwa na jasho bila kuweka hesabu. Hesabu huwekwa na ubongo. Katika haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo upande wa chini wa ubongo, zimo seli zinazohisi ukali wa chumvi katika damu, nazo hugutuka ukali huo unapopanda kwa asilimia 1 au 2 tu, zikaamsha kiu na wakati huohuo zikaifanya tezi ya pituitari iachilie katika damu homoni iitwayo vasopresini, ambayo hupeleka habari kwenye figo.

Utaratibu wa figo unashangaza, kwa kuwa hazichambui taka na kuviacha vitu vingine vyote mahali pake: huchuja takribani lita 180 za majimaji kila siku kupitia nefroni, yaani vichujio vidogo mno vinavyokaribia milioni moja katika kila figo, kisha hurudisha karibu yote katika damu, ikabaki lita moja au mbili za mkojo. Sehemu kubwa hurudi hata bila vasopresini. Homoni hiyo huamua juu ya masalio, katika mirija ya kukusanyia mkojo. Ikifika hapo, seli za mirija husogeza kwenye utando wake vitundu vya protini viitwavyo akwaporini, vinavyopitisha maji na kuizuia chumvi (ugunduzi uliompatia Mmarekani Peter Agre sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003), na mkojo hutoka mchache, wa manjano iliyokolea. Pombe huizuia homoni hiyo, ndiyo maana mlevi huamka na kiu licha ya yote aliyoyamimina kooni.

Hata hivyo, uwezo wa figo una mpaka. Mkojo wa binadamu hauwezi kubeba chumvi nyingi kama ya bahari, ambayo ni takribani gramu 35 katika kila lita. Hivyo baharia aliyepotea akinywa lita moja ya maji hayo, mwili wake hulazimika kutoa zaidi ya lita moja ya mkojo ili kuiondoa chumvi aliyoimeza, na pengo hilo huzibwa kwa maji ya damu na ya seli zake mwenyewe.