Seva Ikizima, Logi Zake Ziwe Zimeshatoka

Seva ya malipo inapozima usiku wa manane, mafundi huuliza kwanza ilikuwa ikifanya nini muda mfupi kabla. Jibu limo kwenye logi, ile mistari ambayo programu huandika kila inapopokea ombi, kukataa muamala au kushindwa kufikia hifadhidata. Lakini logi zikiwa kwenye diski ya seva hiyohiyo, ni kama shahidi aliyezikwa pamoja na marehemu.

Dawa ilipatikana zamani. Katika miaka ya 1980, Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alibuni syslog kwa ajili ya Sendmail, programu yake ya kusafirisha barua pepe. Syslog hupanga ujumbe kwa uzito, kuanzia 0 ambayo ni dharura hadi 7 ambayo ni maelezo ya kusaka hitilafu, na inaweza kuupeleka kwenye mashine nyingine.

Huduma za wingu zinafuata njia hiyohiyo. Anayetumia Google Cloud, akishajitambulisha kwa akaunti yenye ruhusa, huandika amri moja tu kwenye terminali:

gcloud logging write malipo "Muamala umekataliwa" --severity=ERROR

Amri hii inafaa sana kwenye skripti fupi, kwa mfano ile inayonakili hifadhidata kila usiku: nakala ikishindikana, taarifa inatoka papo hapo. Programu yenye maelfu ya mistari huhitaji wakala kama Fluent Bit, anayesoma faili la logi na kutuma mistari kwa mafungu.

Hata hivyo, si kila mstari unastahili kusafiri. Mei 2018, Twitter iliwashauri watumiaji wake zaidi ya milioni 300 wabadili nywila, baada ya kugundua kuwa nywila ziliandikwa waziwazi kwenye logi ya ndani. Kwetu, namba ya simu ya mteja ni taarifa binafsi, nayo inalindwa na sheria ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022. Sheria zote mbili zinagusa pia upelekaji wa taarifa nje ya nchi, na seva za wingu mara nyingi ziko huko.

Kwa hiyo uchujaji ufanyike kwenye programu yenyewe, kabla mstari haujaandikwa. Andika namba ya muamala, saa na sababu ya kukataliwa. Fundi hahitaji zaidi ya hapo ili kuanza kazi. Nywila na namba ya siri zisiandikwe kabisa.