Barabara ya Mombasa hadi Kampala: Inapita Wapi, na Inatuhusu Nini Sisi Wafanyakazi



Katika mikutano yetu wanachama wengi huuliza: kwa nini bei ya sabuni na mafuta inapanda Kampala, na sisi hapa hatukuona chochote kilichobadilika? Na wakati wa majadiliano ya mishahara, wenye viwanda hutujibu kwa neno moja tu: "usafirishaji". Mtu asiyejua maana ya neno hilo hunyamaza. Kwa hiyo tuifuate barabara yenyewe tangu baharini hadi hapa kwetu, tuone gharama zinaingia wapi, na mwisho wake nani anazilipa.

NJIA YENYEWE

Uganda haina bahari. Mitambo, vipuri, ngano, mbolea na petroli, sehemu kubwa ya vitu hivyo hushushwa Mombasa. Kahawa yetu hutokea huko huko, na chai yetu huuzwa katika mnada wa Mombasa. Kutoka bandarini hadi Kampala ni karibu kilomita 1,170. Serikali za nchi zetu huiita njia hii Ushoroba wa Kaskazini, na mkataba wake wa kwanza ulitiwa sahihi mwaka 1985.

Lori likitoka Mombasa hupita Mariakani, Voi na Mtito Andei hadi Nairobi, mwendo wa karibu kilomita 480. Kutoka Nairobi huteremka Bonde la Ufa, likapita Naivasha na Nakuru, kisha likapanda hadi Mau Summit. Hapo barabara inagawanyika. Tawi moja huenda Timboroa, Eldoret, Webuye na Bungoma, likafika mpakani Malaba. Tawi la pili huenda Kericho na Kisumu, likafika mpakani Busia.

Sababu ya matawi mawili ni reli ya zamani. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1901 ukafika ziwani, mahali tunapopaita leo Kisumu. Kutoka hapo mizigo ya Uganda ilivuka ziwa kwa meli. Baadaye reli nyingine ilipitishwa Nakuru, Eldoret, Tororo na Jinja, ikafika Kampala mwaka 1931. Miji ilikua kwenye stesheni, na barabara ya lami ikaifuata miji.

Ndani ya Uganda, barabara ya Malaba na ile ya Busia hukutana kabla ya Bugiri. Baada ya Iganga lori hupita kando ya mashamba ya miwa ya Kakira, likaingia Jinja na kuvuka Mto Nile. Ng'ambo kuna Njeru, kisha msitu wa Mabira, kisha mashamba ya miwa na chai ya Lugazi, halafu Mukono, viwanda vya Namanve, na Nakawa. Ndugu, hesabuni wenyewe: ni wanachama wangapi wanaofanya kazi mahali ambapo barabara hii inasikika?

Wala haiishii Kampala. Huendelea Masaka, Mbarara na Kabale hadi Katuna, ikaingia Rwanda, na matawi mengine huenda Kongo na Sudan Kusini. Barabara yetu ni sehemu pia ya ile njia kuu ya Afrika iliyopangwa tangu miaka ya 1970 kuunganisha Mombasa na Lagos.

MAHALI INAPOBANA

Kwanza, milima. Lori huanza kwenye usawa wa bahari, na karibu na Timboroa huwa limepanda zaidi ya mita 2,700. Halafu huteremka kuja Kampala, iliyo kwenye mita 1,200 hivi. Kupanda kote huko ni dizeli, na kuteremka kote ni breki na tairi.

Pili, mpaka. Zamani lori lilisimama mara mbili: maofisa wa Kenya walipekua makaratasi, kisha maofisa wa Uganda wakayapekua upya. Siku hizi Malaba na Busia zina kituo kimoja, ambamo maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi pamoja. Kile cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018. Tena tangu mwaka 2014 ushuru wa mizigo ya Uganda huweza kulipwa mzigo ukiwa bado Mombasa. Mambo haya yamepunguza siku za safari, lakini ugomvi mdogo ukitokea mpakani, foleni hurudi pale pale.

Tatu, mizani. Lori hupimwa Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye, na kwetu Busitema na Magamaga. Madereva huilalamikia, lakini tuelewe kazi yake. Uzito hubebwa na ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu ya kulia na kushoto. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha jambo la kushangaza: ekseli ikibebeshwa mara mbili, lami haiumii mara mbili, bali karibu mara 16. Ndiyo sababu sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 imeweka mwisho wa tani 56, hata kwa gari la ekseli saba. Tajiri anayejaza lori kupita kiasi hupata faida ya safari moja, na mashimo tunalipia sote kwa kodi zetu.

Nne, Mto Nile. Kwa zaidi ya miaka 60 malori yalivuka juu ya bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954. Ufa mmoja pale ungeikata nchi vipande viwili. Oktoba 2018 lilifunguliwa daraja jipya la Jinja, urefu wake mita 525, lililojengwa kwa mkopo wa Japani.

IKIFUNGWA, NANI HUUMIA?

Tumeyaona mara nyingi. Mwaka 1976 Idi Amin alidai sehemu ya ardhi ya Kenya. Uhusiano ukaharibika, na mizigo na mafuta yetu yakakwama. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Januari 2008, baada ya ghasia za uchaguzi wa Kenya, barabara ilizibwa na reli ikang'olewa Kibera, na Kampala ikakosa petroli. Januari 2022 madereva walikataa kulipia vipimo vya korona mpakani. Malori yakasimama kilomita nyingi, na bei ya petroli ikaruka, mpaka serikali ilipoondoa malipo hayo.

Wakati huo wengine waliwatukana madereva. Lakini dereva na tanboi wake ni wafanyakazi kama sisi. Walalapo barabarani siku tano kwa sababu ya foleni, hakuna awalipaye kwa usingizi wa chini ya tela. Na mzigo wao ukichelewa, sisi hupigwa mara mbili: dukani bei inapanda, na kiwandani malighafi inakosekana. Kiwanda kimoja ninachokijua kiliwarudisha watu nyumbani majuma mawili bila senti, kwa kisingizio kwamba kontena liko njiani. Kontena lilipofika, kazi ya majuma mawili ilifanywa kwa siku sita, na ovataimu haikulipwa.

TUFANYE NINI?

1. Tudai hesabu. Mwajiri akisema usafirishaji umepanda, aulizwe umepanda kwa kiasi gani, na katika gharama zote za kiwanda ni sehemu gani. Petroli ikishuka, tumrudie na swali lile lile.

2. Katika mkataba wa pamoja tuweke kifungu kinachosema wazi mfanyakazi atalipwa nini kazi ikisimama kwa kukosa malighafi. Asiyeandika wakati wa amani hana la kuonyesha siku ya shida.

3. Tujilinde barabarani. Wengi wetu hutembea kando ya lami alfajiri na usiku, au hubebwa juu ya malori ya miwa. Tudai gari lenye viti, na njia ya miguu mbele ya lango. Na kila mwanachama ajue jambo hili: Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inasema kwamba mtu akiumia akiwa safarini moja kwa moja kwenda kazini au kutoka kazini, ajali hiyo huhesabiwa kuwa ya kazini. Lakini ni juu yake kuthibitisha kwamba hakupinda njia. Kwa hiyo shikeni majina ya mashahidi, andikeni saa na mahali, na mpelekeni mwajiri taarifa mara moja, msingoje mwezi upite. Akifariki mfanyakazi, fidia ya familia yake ni mshahara wa miezi 60. Wajane wengi hawakuipata kwa sababu hakuna aliyewaambia.

4. Tujuane na wenzetu. Kuli wa Mombasa, mchuma chai wa Kericho, dereva wa Malaba, mkata miwa wa Kakira na fundi wa Namanve wote wanakula kwa barabara moja.

Kuna habari za njia nyingine. Ipo ya Dar es Salaam kwa reli hadi Mwanza, kisha kwa meli hadi Port Bell. Na Oktoba 2024 serikali ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki kujenga reli mpya ya Malaba hadi Kampala, karibu kilomita 272. Ni habari njema. Lakini njia mpya haileti haki peke yake. Gharama ikishuka, faida haitakuja yenyewe mfukoni mwa mfanyakazi. Itabidi tuidai, na adaiye lazima ajue hesabu.

Matawi yajadili makala haya katika mkutano ujao, na kila tawi lilete orodha ya wanachama walioumia njiani.