Kocha naye ana daftari

Jioni moja kocha wa timu ya mpira hapa Mtae alitufuata darasani. Ukungu ulikuwa umekwisha kupanda kutoka bondeni. Kocha huyu ni mhitimu wa kisomo kama ninyi. Alikuwa na hasira. Timu yake ilikuwa imefungwa tena, na tena katika kipindi cha pili.

"Mwalimu, vijana hawa hawana moyo," alisema. "Na yule winga wa kushoto namwondoa. Hakuzaliwa na mpira."

Tukamwuliza, "Mwezi huu amekuja mazoezini mara ngapi?"

Alikuna kichwa. "Aa, mara kadhaa hivi."

Basi maongezi yetu yakaanzia hapo.

Je, mtu huzaliwa na mpira? Swali hili limeandikiwa vitabu. Mama mmoja wa Marekani, Profesa Carol Dweck, alitoa kitabu mwaka 2006 kuhusu jinsi mtu anavyoufikiria uwezo wake. Makocha wengi wamekisoma. Anasema wako watu wanaodhani uwezo ni kama urefu wa mwili: umepewa, basi. Wengine wanauona kama shamba. Ukilipalilia, linazaa zaidi.

Kabla ya hapo, mwaka 1998, yeye na mwenzake walieleza majaribio waliyofanya na watoto wa shule. Watoto walipewa mafumbo. Baadhi yao walisifiwa, "Una akili!" Wengine walisifiwa, "Umejitahidi!" Walioambiwa wana akili waliogopa mafumbo magumu, wasije wakaonekana wajinga. Wale wa kujitahidi, wengi wao waliyataka yaliyo magumu. Kwa hiyo kocha anayesema "huyu kazaliwa na mpira, yule hakuzaliwa" anawaharibu wote wawili.

Lakini tuseme kweli. Watafiti waliofuata wameona kwamba kumfundisha mtu mawazo haya kunasaidia kidogo tu. Siku hizi viko vitabu vinavyoahidi makubwa, ati ukijiambia "naweza" kila asubuhi utashinda. Sisi hatuviamini. Kabichi haioti kwa kuambiwa iote.

Vitabu vizuri vya kujitawala huzungumzia mambo madogo ya kila siku. Chukueni mfano wa John Wooden, kocha wa mpira wa kikapu katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Tangu mwaka 1964 hadi 1975 timu yake ilichukua ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 10. Makocha wa michezo mingi husoma vitabu vyake. Unajua alianza kufundisha nini kila mwaka? Kuvaa soksi! Soksi ikijikunja huleta lengelenge. Mwenye lengelenge hakimbii vizuri, na asiyekimbia vizuri hana mazoezi. Halafu kila siku aliandika kwenye kadi mazoezi ya siku ile, dakika kwa dakika.

Tuje karibu zaidi. Eliud Kipchoge ni mtu wa Nandi, Kenya. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Kocha wake wakati huo alikuwa Patrick Sang, aliyepata medali ya fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya mwaka 1992. Kipchoge ni msomaji wa vitabu. Amekitaja kitabu cha Stephen Covey kuhusu tabia saba za watu wanaofanikiwa. Na kule kambini Kaptagat, bingwa huyu alisafisha choo kwa zamu kama wenzake.

Lakini kilichotuvutia sisi zaidi ni daftari. Tangu mwaka 2003 Kipchoge ameandika mazoezi yake kwa mkono wake: amekimbia nini, amejisikiaje. Vitabu vya watu anasoma, na chake mwenyewe anaandika.

Tulimweleza kocha wetu hayo yote. Akacheka. "Daftari ninalo, lile la kisomo. Kurasa nyingi bado tupu." Hebu fikirini, kurasa tupu tangu amalize kisomo!

Akachora mistari. Majina upande mmoja, tarehe juu. Aliyekuja alama, asiyekuja sifuri. Chini aliandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Siku ya mechi aliandika dakika ya kila bao.

Baada ya wiki nne alirudi na daftari lake. Hakuwa na hasira tena, ila haya kidogo. Yule winga alikuwa amekuja siku zote isipokuwa siku za gulio, ambapo humsaidia mama yake kubeba viazi. Nyota wa timu, yule aliyezaliwa na mpira, alikuwa na sifuri nyingi kuliko wote. Mabao ya kufungwa yalikuwa yote baada ya dakika ya 60. Na mazoezi? Hayakufika dakika 50 hata siku moja, kwa sababu kocha mwenyewe alikuwa akichelewa kutoka shambani.

"Nimeliona jina langu halimo katika orodha," alisema. Akalichukua daftari akaliandika, la kwanza juu. Mazoezi ya siku ya gulio ameyahamishia kesho yake, na winga wa kushoto bado anacheza.