Kitasa Kinachofunguliwa kwa Kidole

Siku hizi, katika nyumba mpya za mijini, waweza kuona mlango ambao mwenyewe haufungui kwa ufunguo. Hugusa kioo kidogo kwa kidole, mlio husikika, na komeo hurudi ndani. Baadhi ya wanafunzi wetu wa zamani sasa wanajenga, na vitasa hivi vinauzwa madukani, kwa hiyo yafaa tueleze jinsi vinavyofanya kazi.

Tazama ncha ya kidole chako karibu na dirisha. Utaona matuta membamba ya ngozi, mengine yamejikunja kama kitanzi, mengine yamezunguka. Matuta hayo hufanyika mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake, na mpango wake haubadiliki maisha yote. Hata mapacha wanaofanana kama shilingi kwa ya pili hutofautiana hapo.

Mwaka 1858 William Herschel, mtumishi wa serikali ya Waingereza huko Bengal, Bara Hindi, alimtaka Rajyadhar Konai, aliyepewa kandarasi ya vifaa vya barabara, apige chapa ya kiganja chake kwenye mkataba. Shabaha yake ilikuwa kumtisha tu, asije akaukana. Mwaka 1897 polisi wa Calcutta walifungua ofisi ya alama za vidole, na ujuzi huo ukaenea mpaka Afrika ya Mashariki: kipande alicholazimishwa kuchukua mwanamume Mwafrika katika Kenya ya ukoloni kilikuwa na alama za vidole vyake. Basi kwa miaka mingi alama hizi zilikuwa chombo cha watawala. Jambo jipya ni mtu kuzitumia kujifungulia mlango wake mwenyewe.

Wengi hudhani kitasa kimeweka picha ya kidole ndani yake. Kwa kawaida sivyo. Vitasa vingine humulika kidole kwa taa, vingine hutumia umeme mdogo sana, ambao hutofautisha tuta linalogusa kioo na bonde lisilogusa. Kisha mashine hutafuta mahali tuta linapokoma, na mahali linapogawanyika kama panda, hupima nafasi zake, na kuyaandika yote kwa tarakimu. Lakini kidole hakirudi kesho vilevile. Pengine kimelowa, pengine kimelala upande. Kwa hiyo kitasa hakiulizi, "Je, ndicho kile?" Huuliza, "Je, chafanana vya kutosha?" Mtengenezaji akikifanya kikali mno, mwenye nyumba atabaki nje, akikilegeza, mgeni aweza kupita.

Wanaoumia kwa ukali huo ni watu wa kazi. Saruji hula ngozi, jembe huisugua, na uzee hupunguza matuta. Kijana wa chuo hupita mara moja, na mama yake arudiye shambani na mzigo kichwani hukataliwa mara tatu, mlangoni pa nyumba aliyojengewa yeye. Kwa maoni yangu, huyo mama ndiye apelekwe dukani kujaribu kitasa, wala si kijana.

Kuhusu ulegevu, mwaka 2002 Tsutomu Matsumoto na wenzake wa chuo kikuu cha Yokohama, Japani, walitengeneza vidole vya jelatini, ile itiwayo katika peremende laini, wakavijaribu katika mashine za aina 11. Mara nyingi mashine zilivikubali. Viwanda vimejitahidi tangu hapo, na vitasa vingine sasa hupima kama kidole ni kizima, lakini vya bei rahisi si vya kuaminiwa sana. Tena ufunguo ukiibiwa hununuliwa mwingine, kidole je? Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba alama za vidole za watu milioni 5.6 zimeibwa katika ofisi ya serikali ya Marekani iliyoshughulikia watumishi wake. Watu wale hawawezi kupewa vidole vipya. Ndiyo maana ni afadhali kitasa kinachotunza tarakimu zake ndani yake chenyewe, kuliko kile kinachozipeleka mbali.

Hata hivyo, mwizi wa kawaida hana haja na jelatini. Yeye hutazama dirisha, au husukuma fremu ya mbao iliyoliwa na mchwa. Vilevile vitasa vingi vina tundu la ufunguo lililofichwa chini ya kifuniko, maana betri huisha. Tundu hilo likiwa hafifu, mlango wote ni hafifu. Ufunguo wake na ukae kwa jirani unayemwamini, si chini ya chungu cha maua.

Faida iliyo kubwa ni kwa wenye wapangaji. Mpangaji akihama, kidole chake hufutwa siku ile ile. Ufunguo wa chuma, nani ajuaye umechongeshwa mara ngapi? Lakini kufuta na kuandikisha vidole kwahitaji namba ya siri, na vitasa vingi hutoka kiwandani na namba moja ijulikanayo na kila fundi. Ibadilishwe siku ya kwanza, fundi akiisha kuondoka.