Tezi, Omo na Ngama: Kuunda Mashua Ndogo ya Mashindano Pamoja na Wanafunzi

Utangulizi

Kila mwaka tunapofundisha methali, hufika zamu ya "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Kwa miaka mingi tumekuwa tukiieleza kama vitabu vinavyoieleza, kwamba mtu azunguke apendavyo, mwisho atarudi alikotoka. Wanafunzi huandika, nasi hufuta ubao na kuendelea na methali inayofuata. Muhula mmoja, katika jaribio, mwanafunzi alieleza kwamba tezi ni uvimbe wa shingoni, na kwamba methali hii inamwonya mgonjwa asichelewe kwenda hospitali. Tulicheka, kisha tukaona haya. Kamusi ilikuwa upande wake kwa nusu, kwani tezi ni neno la mwilini pia. Kosa lilikuwa letu sisi tuliofundisha methali ya chombo bila kuonyesha chombo.

Makala haya yanaeleza jinsi tulivyojaribu kurekebisha kosa hilo. Tuliunda, pamoja na wanafunzi wa mwaka wa pili, mashua ndogo ya mashindano inayoendeshwa kwa umeme na kuongozwa kwa redio. Madhumuni ya makala ni mawili. Kwanza, kueleza hatua za kazi ili mwalimu mwingine aweze kuifanya. Pili, kuonyesha ni wapi msamiati wa mafundi wa pwani ulitutosha, na ni wapi ulitukwamisha.

Kwa nini mashua ya mashindano?

Sisi tulipendekeza jahazi. Tulipokuwa masomoni Tanzania tuliwahi kufika Nungwi, Unguja, tukawatazama mafundi wakiunda majahazi kwa shoka, msumeno na tezo, nasi tulitamani wanafunzi wetu wa bara waonje japo kidogo cha ufundi ule. Wanafunzi walitaka kitu chenye mota. Tukakubaliana, kwa sharti moja: kila kipande kitakachoshikwa kitajwe kwa Kiswahili, na kila jina litakalokosekana lijadiliwe kabla ya kazi kuendelea.

Tulichagua kufuata umbo la Slo-mo-shun IV, mashua ya Seattle, Marekani. Mashua hiyo ilibuniwa na Ted Jones, ikaundwa katika karakana ya Anchor Jensen, na mwenyewe alikuwa Stanley Sayres. Mwezi Juni 1950, katika Ziwa Washington, ilikimbia zaidi ya maili 160 kwa saa, yaani takriban kilomita 258, ikavunja rekodi ya maili 141 iliyowekwa na Malcolm Campbell wa Uingereza mwaka 1939. Mwaka 1952 ilijivunjia rekodi yake yenyewe kwa kupita maili 178 kwa saa. Injini yake ilikuwa ya Allison, ya aina iliyotumika katika ndege za kivita za Vita Kuu ya Pili.

Siri yake haikuwa injini peke yake. Mashua ya kawaida huyapasua maji na kuyasukuma pembeni, kwa hiyo kadiri inavyoongeza mwendo ndivyo maji yanavyoizuia. Mashua ya aina hii hunyanyuka. Ikishika kasi hugusa maji mahali patatu tu: miguu miwili ya mbele, mmoja kila upande, na rafadha iliyoko nyuma. Hata rafadha yenyewe huzama nusu tu, nusu nyingine ikizunguka hewani.

Kiunzi

Slo-mo-shun IV ina urefu wa takriban futi 28, yaani mita 8 na nusu. Tulitumia kipimo cha 1 kwa 10, hivyo mashua yetu ilipata sentimeta 85. Kazi huanza kwenye mchoro. Umbo la kila kipande hunakiliwa kwenye karatasi, karatasi hubandikwa juu ya plaiwudi ya milimita 3, na kipande hukatwa kwa msumeno mwembamba nje kidogo ya mstari. Kisha hupigwa msasa mpaka mstari ufikiwe.

Hapa msamiati wa pwani ulitufaa sana. Ubao mrefu wa chini, unaobeba chombo chote, ni mkuku. Mbao za kukingama zinazosimama juu yake kama mbavu ni mataruma. Sehemu ya mbele ni omo na ya nyuma ni tezi. Nafasi ya chini kabisa ndani ya chombo, ambamo maji yanayovuja hukusanyika, ni ngama. Mwanafunzi mmoja aliyekulia kando ya Ziwa Viktoria alivijua vitu vyote hivi kwa lugha ya kwao. Alichokosa ni majina ya Kiswahili. Wenzake wa mjini walikuwa wamekariri majina mawili matatu bila kujua yanataja nini. Kwa mara ya kwanza tuliona makundi haya mawili yakifundishana.

Kiunzi chote huundwa juu ya ubao mnene ulionyooka kabisa, na mataruma hupimwa kwa pembemraba kabla ya kutiwa gundi ya epoksi. Tahadhari: kiunzi kikipinda milimita 2 leo, mashua itavuta upande mmoja siku zote, wala hakuna usukani utakaoiponya. Baada ya gundi kukauka kwa saa 24, sitaha na pande hufunikwa kwa plaiwudi ya milimita moja na nusu. Vibanio vya nguo hutosha kuishikilia. Kabla ya kufunika sitaha tulijaza vipande vya stairofomu katika nafasi za omo na pembeni, ili mashua ikiingia maji isizame.

Neno lililotugawa

Ile miguu miwili ya mbele iliitwaje? Kundi moja lilipendekeza matengo, neno la ngalawa, kwa kuwa nayo hukaa pembeni, moja kila upande. Kundi jingine lilipinga: matengo huizuia ngalawa isipinduke, ilhali miguu hii huinyanyua mashua juu ya maji. Mjadala ulichukua kipindi kizima. Mwishowe tulichukua matengo, kwa hoja kwamba neno linaweza kupanuka maana pale ambapo mahali na umbo vinafanana. Kundi lililoshindwa halijaridhika hadi leo, na hoja yao tunaiona ina nguvu.

Tulikwama zaidi kwenye pande. Tulitaka kutumia joshi na demani kwa kulia na kushoto. Lakini katika vyombo vya tanga, joshi ni upande upepo unakotoka, na demani ni upande unakoelekea. Nahodha akigeuza chombo, pande hizo nazo hubadilishana. Mashua ya mota haijali upepo unatoka wapi, nayo huhitaji jina lisilobadilika, kwa sababu mashua kubwa za Marekani huzunguka uwanja kwa kukata kona kushoto tu, na pezi la kuzishikilia kwenye kona hufungwa upande huo. Tukarudi kwenye kulia na kushoto. Kufufua neno la zamani kwa sababu tu linapendeza kungempoteza msomaji.

Umaliziaji

Fundi wa jahazi huziba nyufa kwa kalafati, kisha hupaka deheni sehemu inayokaa majini. Kazi hiyohiyo sisi tuliifanya kwa epoksi. Ndani tulipaka tabaka moja jembamba, hasa ngamani, maana mbao zikinywa maji huvimba na kuongeza uzito. Nje tulitandaza kitambaa chepesi cha nyuzi za kioo na kukilowanisha kwa epoksi, tukikwangua ziada kwa kadi ya plastiki. Epoksi ina vipimo vyake viwili vya kuchanganya. Ukikadiria kwa macho haitakauka kamwe.

Baada ya hapo ni msasa. Tulianza na namba 120, tukaenda 240, kisha 400. Mashimo madogo huzibwa kwa fila, praima hupulizwa, na msasa wa 400 hurudiwa kwa maji. Rangi hupulizwa tabaka nyembamba tatu au nne badala ya moja nzito, kwani tabaka nzito huchuruzika. Vumbi la msasa wa kioo na epoksi ni hatari kwa mapafu, hivyo barakoa si hiari.

Jambo moja liliwashangaza wanafunzi. Kingo za nyuma za matengo na za mkuku hazitakiwi kulainishwa ziwe duara. Lazima ziwe kali, ili maji yaachane na mashua mara moja badala ya kuing'ang'ania. Kung'aa ni kwa macho, lakini kingo kali ndizo zinazoleta mwendo.

Umeme na redio

Mota yetu haina brashi, na imeandikwa 1500, maana yake huzunguka mara 1,500 kwa dakika kwa kila volti moja ikiwa haina mzigo. Betri ya lithiamu ya seli 4 hutoa volti 14.8. Zidisha, utapata mizunguko 22,200. Rafadha yetu ina kipenyo cha milimita 42, na kila mzunguko ingesonga mbele milimita 59 hivi kama maji yangekuwa yabisi. Hiyo ni karibu kilomita 78 kwa saa kwenye karatasi. Majini mwendo hupungua sana, kwa kuwa maji huteleza na mota hubeba mzigo.

Mota huzungusha waya wa chuma uliosokotwa, unaopita ndani ya bomba la shaba nyeupe lililojazwa grisi. Waya huo hujifupisha ukibeba mzigo, kwa hiyo acheni nafasi ya milimita 3 kati ya rafadha na mkono unaoishikilia, la sivyo utakaza na kukwama. Kidhibiti mwendo na mota hupozwa kwa maji yanayoingia kwa mrija kutoka nyuma na kutokea ubavuni. Mashua ikipita mbele yako bila kurusha kijito hicho, irudishe haraka.

Betri za lithiamu hazina msamaha. Seli isizidi volti 4.2 ikichajiwa, wala isishuke chini ya 3.3 ikitumika. Isichajiwe bila mtu kuwapo, kwani ikipasuka huwaka moto. Kuhusu redio, tulikubaliana juu ya kitumaji kwa kile kinachoshikwa mkononi na kipokezi kwa kile kilichomo chomboni. Wanafunzi wakiwa peke yao husema rimoti, nasi hatuwakatazi.

Kushua

Kushusha chombo majini kwa mara ya kwanza ni kushua. Tulishua asubuhi, kabla ya upepo, kwenye ghuba tulivu, na mvuvi mmoja alikubali kungoja na mtumbwi wake. Hakuna aliyeruhusiwa kuogelea kuifuata mashua, kwa sababu ya kina, na kwa sababu maji ya ukingoni yana kichocho.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika wa pili aliyeshika kitumaji alikaza mwendo wote. Omo ilinyanyuka, hewa ikaingia chini ya mashua, ikapaa na kuanguka chali. Kosa lilikuwa letu: betri tulikuwa tumeifunga karibu mno na tezi, uzito ukabaki nyuma. Kwa mashua ya namna hii uzito unatakiwa kukaa nyuma kidogo tu ya visigino vya matengo. Tulikuwa tumepima kila kitu isipokuwa hicho, kwa sababu ya haraka ya kufika ziwani.

Mvuvi aliirudisha. Kifuniko kilikuwa kimelegea omo, na muhuri wa tezi umepasuka. Mwanafunzi aliyekifungua alichungulia ndani, akasema, "Mwalimu, yameingilia tezi na omo, lakini yote yako ngamani." Hakuwa akitania. Alikuwa akitoa taarifa ya uharibifu, na wenzake walimwelewa bila kuuliza. Baadaye ndipo walipotazamana na kuikumbuka methali.

Tulikausha vyombo vya umeme, tukasogeza betri sentimeta 3 mbele, tukaziba muhuri upya. Wiki iliyofuata mashua ilizunguka kwa dakika 4 bila kupinduka.

Hitimisho

Kazi hii ilichukua muhula mzima na iligharimu zaidi ya tulivyokadiria, hasa betri na mota. Hatudai kwamba kila idara iunde mashua. Tunadai jambo dogo zaidi. Methali nyingi tunazofundisha huku bara zimetoka baharini, shambani na jikoni, nasi huzifundisha kana kwamba zilizaliwa kwenye kamusi. Mwanafunzi anayekariri maana bila kitu hana kosa akilikosea neno. Na istilahi mpya hazipatikani kwa kukaa mezani peke yake. Mahali ambapo mikono ina kazi, upungufu wa neno hujitokeza wenyewe, na neno lisilofaa hukataliwa papo hapo.

Mwanafunzi wa "uvimbe wa shingoni" ndiye aliyekata mataruma yote ya mashua ile. Mashua iko juu ya kabati ofisini kwetu, omo ikielekea dirishani. Anayefundisha methali hiyo anakaribishwa kuiazima, bora airudishe betri ikiwa imetolewa.