Gari la Umeme la Kukodi: Je, Kuna Haja ya Kulipia Kifurushi cha Matengenezo?

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na Aali zake na Maswahaba zake. Ama ba'ad:

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina mtoto, ndugu au mkwe anayeishi Uingereza. Wengi huko siku hizi hawanunui gari, bali hukodi jipya kwa muda wa miaka 2, 3 au 4, na mara nyingi ni gari la umeme. Wakati wa kutia saini huulizwa kama wanataka kuongeza kifurushi cha matengenezo kwa malipo ya kila mwezi. Hapo huzuka maswali mawili: Je, inajuzu? Na je, ina faida? Tutayajibu yote mawili, kwani pesa inayotoka bila ya haja kule ndiyo ambayo ingelipia ada ya mtoto au dawa za mzee huku nyumbani.

Matengenezo ni juu ya nani?

Kukodi gari ni ijara. Gari linabaki kuwa mali ya kampuni, na mkodi amenunua manufaa yake tu kwa muda maalumu. Imam an-Nawawi (Allah Amrehemu) ameeleza katika Minhaj, kitabu maarufu cha madhehebu yetu ya Shafi'i, kuwa ukarabati wa nyumba ya kukodi ni juu ya mwenye nyumba, na asipoufanya mpangaji ana khiyari. Akataja pia theluji: iliyo juu ya paa ni ya mwenye nyumba kuiondoa, ama kusafisha uwanja kwa theluji na takataka ni kazi ya mpangaji.

Kipimo kinachopatikana hapo ni kuwa linalohusu kubakia kwa manufaa yenyewe ni la mwenye mali, na linalotokana na matumizi ya kila siku ni la mtumiaji. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, katika kikao chake cha Bahrain mwaka 1998, ilikwenda katika njia hiyo hiyo: haifai kumshurutisha mkodi matengenezo ambayo manufaa ya msingi yanayategemea, ama matengenezo ya uendeshaji yanafaa kushurutishwa juu yake yakiwa yanajulikana.

Gari la umeme linahitaji nini?

Gari la umeme halina mafuta ya injini ya kubadilisha, halina plagi, halina filta ya mafuta wala bomba la moshi. Pedi za breki pia hudumu zaidi, kwa sababu dereva anapoachia mwendo mota yenyewe hulipunguza kasi gari na kurudisha umeme katika betri. Kinachobaki ni filta ya hewa ya ndani, mafuta ya breki, maji ya kupoozea, waipa, betri ndogo ya volti 12 na ukaguzi wa kawaida.

Betri kubwa ndiyo inayowatisha watu zaidi. Lakini watengenezaji wengi huipa dhamana ya miaka 8 au maili 100,000, lolote litakalotangulia. Gari lenyewe nalo huwa na dhamana ya kiwandani isiyopungua miaka 3 kwa kawaida. Kwa hiyo kasoro kubwa katika muda wa ijara mara nyingi tayari zina mtu wa kuzibeba. Mtu asilipie kifurushi kwa kuogopa betri.

Matairi ni jambo jengine. Gari la umeme ni zito kwa sababu ya betri, na huondoka kwa nguvu mara tu unapokanyaga. Yote mawili hula matairi. Basi hesabu ya kifurushi, kwa kiasi kikubwa, ni hesabu ya matairi.

Tuhesabu kwa mfano

Nambari hizi ni za kupigia mfano tu. Tuseme kifurushi ni pauni 25 kwa mwezi kwa miezi 36. Hiyo ni pauni 900. Tuseme servisi moja ni pauni 180 na tairi moja ni pauni 120.

Anayeendesha kidogo, kwenda kazini na msikitini, huenda akahitaji servisi mbili na asibadilishe tairi hata moja: pauni 360. Huyu akichukua kifurushi amelipa pauni 540 zaidi. Akihitaji matairi 4, jumla yake inakuwa pauni 840, na tofauti inakaribia kutoweka. Ama anayesafiri masafa marefu kila siku, akihitaji servisi 3 na matairi 8, atatumia pauni 1,500. Lakini ajue kuwa kampuni nayo hupandisha bei ya kifurushi kwa kadiri ya maili anazozitaja, basi ahesabu kwa bei aliyopewa yeye.

Hukumu ya kifurushi

Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya gharari, yaani yenye kificho cha kutojulikana nini kinauzwa. Kifurushi kinachotaja servisi ngapi na matairi mangapi ni malipo kwa kazi na vitu vinavyojulikana, nacho hakina tatizo. Ama kinachosema tu kuwa litakaloharibika watalishughulikia, bila ya kulitaja, hicho kimekaribia bima ya kibiashara, na kujiepusha nacho ndiyo salama. Na ikiwa gari limekodiwa kupitia kwa mwajiri, na matengenezo yamo ndani ya kodi moja bila ya khiyari ya kuyatoa, basi yanafuata mkataba mkuu, na ujinga mdogo ulio katika kinachofuata husamehewa.

Kabla ya kutia saini, muulizaji aombe majibu haya kwa maandishi:

1. Matairi mangapi yamo, na je, ni yaliyolika tu, au na pancha na yaliyopasuka kwa kugonga ukingo wa barabara?
2. Ukaguzi wa kisheria wa MOT umo? Kule England gari huanza kukaguliwa likifika miaka 3, basi wa ijara ya miaka 2 hauhitaji.
3. Likiharibika njiani, atapewa gari la muda?
4. Je, kuna kitu kinacholipiwa ambacho tayari kimo katika dhamana ya kiwandani?

Rai yetu ni kuwa kwa ijara ya miaka 2, au kwa anayeendesha kidogo, kifurushi kwa kawaida hakina haja. Kwa miaka 4 na masafa marefu kinaweza kuwa na faida, kikiwa wazi. Asiyekichukua asidhani kuwa amesamehewa matengenezo. Servisi zifanywe kwa wakati na risiti zihifadhiwe, na tairi lisifike chini ya milimita 1.6, ambayo ndiyo mpaka wa sheria ya huko. Mkono wa mkodi ni mkono wa amana, na mwenye kupuuza hudhamini. Aweke kila mwezi kiasi kidogo kwenye kibubu, zile pauni 10 au 15. Zikihitajika zipo, na zisipohitajika ni zake na watu wake, si za kampuni.

Allah Ametuamrisha tutimize mikataba. Na hautimizwi mkataba ambao mtu hakuusoma. Basi wasomeni vijana wetu kila ukurasa, na wazee wawaulize kabla ya saini, si baada yake.

Na Allah Anajua zaidi.